Kutafuta nyufa kwa mikondo ya edi: jibu kwa fundi wa Kizota

Swali: Mhandisi, shikamoo. Ninaendesha karakana Kizota, Dodoma. Kazi zetu kubwa ni habu na spindo za matela (ncha za eksel zinazobeba magurudumu), silinda hedi za alumini (vifuniko vya juu vya injini), na shafti za mashine za kukamua alizeti zinazoletwa kutoka Kibaigwa na Singida. Mwezi uliopita spindo moja ya tela, ambayo tuliikagua kwa rangi ya kupenya (majimaji yanayoingia kwenye ufa na kuuonyesha) na kuiona nzima, ilikatika karibu na Manyoni wiki 3 baada ya kutoka kwetu. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Sasa kuna mtu anayetuuzia mashine iliyokwisha kutumika ya kutafutia nyufa kwa mikondo ya edi, naye anasema inaona ufa hata chini ya rangi. Nilipoigusisha kwenye silinda hedi yenye ufa ninaoujua, nukta kwenye skrini iliruka. Lakini nilipoipitisha kwenye chuma kizima, iliruka vilevile. Je, mashine ni mbovu? Ingeuona ufa wa ile spindo? Tuinunue?

Jibu: Marahaba, fundi, na poleni kwa tukio hilo. Kabla hatujafika kwenye mashine, kuna jambo lisiloweza kusubiri mwisho wa jibu langu. Spindo iliyokatika ina pacha wake upande wa pili wa eksel ileile, na pacha huyo amebeba mzigo uleule, juu ya mashimo yaleyale, kwa kilomita zilezile. Mtafute mwenye tela, mwombe alisimamishe, na spindo hiyo ifunguliwe na kukaguliwa upya kabla tela halijabeba mzigo mwingine. Fanya hivyo hivyo kwa spindo nyingine mlizozipitisha kwa utaratibu uleule katika kipindi hicho, hata kama wenyewe watalalamika kwamba unawacheleweshea safari.

Vilevile, vipande vya spindo iliyokatika visitupwe, visisuguliwe kwa brashi ya waya, wala nyuso mbili zilizoachana zisigusanishwe tena. Vioshe polepole kwa mafuta ya taa na brashi laini, kisha vitazame kwa mwanga unaotoka ubavuni. Chuma kinachokatika kwa uchovu, yaani kwa mzigo wa kawaida unaorudiwa mara nyingi mno, huonyesha sehemu mbili. Moja ni laini, yenye mistari iliyopinda inayofanana na alama ambazo maji ya bahari huziacha mchangani yanapokupwa, na mistari hiyo hurudi nyuma hadi mahali ufa ulipoanzia. Nyingine ni ya chengachenga na hung'aa, kwa sababu ilikatika mara moja chuma kilichobaki kiliposhindwa kubeba mzigo. Ukiona sehemu laini ni kubwa na imeshika kutu au weusi wa grisi ya zamani, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba ufa ulikuwapo mezani kwenu siku ile na ukaguzi haukuuona. Usipoiona sehemu laini popote, fikiria mzigo uliozidi au gurudumu lililogonga kwa nguvu. Hapo huenda spindo ilikuwa nzima kweli ilipoondoka. Maswali yako mawili ya mwisho yanautegemea uso huo, ndiyo maana nimeanza nao.

Tuchukulie kwamba ufa ulikuwapo. Rangi ya kupenya ni njia nzuri, lakini ina sharti moja lisilosamehe: mdomo wa ufa lazima uwe wazi na mtupu, ili rangi iingie na kisha irudi juu kwenye unga mweupe. Spindo huishi ndani ya grisi, na grisi iliyokwisha kuingia kwenye ufa haitoki kwa kufutwa na tambara. Mbaya zaidi ni brashi ya waya na grinda, kwa sababu huuburuta uso wa chuma na kuufunika mdomo wa ufa kwa utando mwembamba wa metali, hivyo fundi anayesafisha kwa bidii kubwa anaweza kuwa ndiye anayeuficha ufa. Yapo pia mambo ya hapa kwetu. Kiwango cha kawaida cha joto la kazi hiyo ni kati ya nyuzi 10 na 50 za Selsiasi, na chuma kilichoachwa uani saa saba mchana katika jua la Dodoma kinaweza kuvuka 50, rangi ikakauka kabla ya kupenya. Kikagueni kikiwa kivulini na kimekwisha kupoa.

Sasa mashine. Neno edi si jina la mtu. Limetoka kwenye neno la Kiingereza la maji yanayojizungusha nyuma ya jiwe mtoni, na picha hiyo inafaa sana. Ndani ya probu, yaani kile kifaa cha mkononi unachokigusisha kwenye chuma, kuna koili ndogo ya waya inayopitishwa mkondo geu, unaobadilisha mwelekeo mara maelfu au mamilioni kwa sekunde. Koili hiyo huzalisha uga wa sumaku unaobadilika, na uga huo, kwa kanuni ambayo Faraday aliionyesha mwaka 1831, huamsha mikondo inayozunguka ndani ya metali yoyote iliyo karibu. Mfaransa Léon Foucault ndiye anayehesabiwa kuwa mgunduzi wa mikondo hiyo, mwaka 1855, na mwaka 1879 David Hughes alionyesha kwamba inaweza kutumika kupambanua metali moja na nyingine. Mikondo ya ndani ya metali nayo huzalisha uga wake unaopingana na ule wa koili, na upinzani huo ndio mashine inaoupima. Ufa ukiwapo, mikondo haiwezi kuuruka. Hulazimika kuzunguka ncha zake au kupita chini yake, njia inakuwa ndefu, upinzani unapungua, na nukta kwenye skrini inahama.

Naomba usimame hapo kidogo, fundi, kwa kuwa hapa ndipo lilipo jibu la nukta iliyoruka kwenye chuma kizima. Mashine haijui ufa ni nini. Inajua tu kwamba koili imekutana na hali tofauti na ile uliyoisawazisha nayo mwanzoni, na zipo sababu nyingi za tofauti hiyo: probu imeinuka nusu milimita, imelala upande, imekaribia ukingo, au imevuka kutoka aina moja ya metali kwenda nyingine. Ulitoka kwenye silinda hedi ya alumini ukaenda kwenye chuma cha pua, yaani feleji ya kawaida ya spindo na shafti, si ile isiyoshika kutu, ambacho hupitisha umeme kwa kiwango kingine na tena hushika sumaku. Nukta ilikuwa na haki ya kuruka. Mashine ambayo isingeruka hapo ndiyo ningeishuku kwamba ni mbovu.

Mkaguzi mwenye ujuzi hatazami kama nukta imeruka. Hutazama imeruka kuelekea wapi. Husawazisha kwanza probu ikiwa juu ya metali nzima ya aina ileile na umbo lilelile analokwenda kulikagua. Kisha huiinua probu kidogo na kuishusha, na kuzungusha pembe ya awamu kwenye mashine, yaani mwelekeo ambao nukta huendea kwenye skrini, hadi mwendo wa kuinuka ulale, yaani nukta iende kushoto kwa mlalo. Baada ya hapo hupita juu ya mfereji mwembamba uliochongwa kwa makusudi katika kipande cha kulinganishia, na kuona nukta ikipanda juu. Tangu wakati huo ana lugha ya kusomea: mwendo wa mlalo ni mkono wake uliotikisika, mwendo wa wima na wa ghafla ni kitu kinachokata njia ya mkondo. Bila hatua hizi, unachokiona kwenye skrini hakina maana, na ndivyo ilivyokuwa siku ile ulipojaribu.

Kipande cha kulinganishia ndicho kitu ambacho wauzaji wengi husahau kukitaja. Lazima kiwe cha metali ileile na, kwa chuma cha pua, kiwe kimepitia moto uleule wa kukomazwa. Kwa kawaida huwa na mifereji mitatu yenye kina cha milimita 0.2, 0.5 na 1.0, iliyochongwa kwa cheche za umeme ili iwe myembamba kama ufa. Msumeno wa chuma hautoshi, kwa sababu mkato wake ni mpana mno na hautakupa kipimo sahihi cha wepesi wa mashine kuhisi ufa, ingawa ni mzuri kwa kuwafundishia vijana mwendo wa mkono. Zaidi ya hapo, kila kipande chenu kilichokataliwa kwa ufa halisi kihifadhiwe kabatini na kuandikwa ufa ulipo na jinsi ulivyogunduliwa. Nimejifunza mengi kwa vipande vya namna hiyo kuliko kwa mifereji ya kiwandani, kwa sababu ufa halisi hupinda, hubana, na pande zake wakati mwingine hugusana na kuruhusu mkondo kidogo upite, hivyo dalili yake huwa ndogo kuliko ya mfereji wenye kina kilekile.

Kina cha kupenya kwa mikondo hutegemea masafa (mizunguko ya mkondo geu kwa sekunde; kilohezi 1 ni mizunguko elfu moja), uwezo wa metali kupitisha umeme, na wepesi wake wa kushika sumaku. Katika alumini ya silinda hedi, kwa kilohezi 100 mikondo hupungua hadi asilimia 37 ya nguvu yake ya juu katika kina cha takriban theluthi moja ya milimita. Ukishusha masafa hadi kilohezi 1, kina hicho hufika milimita 3 na kitu. Katika chuma cha pua cha kawaida, kwa kilohezi 100, hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa sababu ya usumaku. Wengi hukosea hapa, wakadhani ufa wa kina cha milimita 2 hauwezi kuonekana katika chuma. Unaonekana, mradi tu mdomo wake umefika juu, kwa kuwa unakata njia ya mkondo pale pale usoni. Kisichoonekana katika chuma ni ufa uliojificha chini pasipo kufika juu. Vivyo hivyo tabaka lililoachana sambamba na uso halitaonekana vizuri katika metali yoyote, kwa kuwa mikondo huteleza kandokando yake bila kukatwa.

Kuhusu rangi, muuzaji amesema kweli nusu. Rangi ya kawaida haipitishi umeme, kwa hiyo mikondo haina habari nayo. Mashine huiona kama probu iliyoinuliwa tu. Kwa probu inayofaa, ukaguzi unawezekana juu ya rangi ya unene wa milimita 1, pengine hata 2, lakini kwa sharti kwamba wepesi wa mashine umepangwa huku kipande cha kulinganishia kikiwa kimefunikwa kwa plastiki ya unene uleule. Rangi ikiwa nene mahali pamoja na nyembamba pengine, kama ilivyo kwenye matela yaliyopakwa mara nne kwa brashi, dalili ya ufa uleule itakuwa kubwa hapa na ndogo pale. Na rangi yenye unga wa zinki au alumini ndani yake, au chuma kilichozamishwa katika zinki, ni habari nyingine kabisa, kwa sababu tabaka hilo lenyewe linaweza kubeba mikondo. Vumbi letu jekundu halina madhara zaidi ya kuinua probu, ila chenga za chuma kutoka kwenye grinda zitakupa dalili za uongo. Futa kabla ya kupita.

Je, ingeuona ufa wa ile spindo? Nyufa za uchovu kwenye spindo huanzia mara nyingi kwenye kona ya mviringo ambapo unene hubadilika, au pale beringi inapokaa kwa kubana na kusugua. Kama ulianzia konani, ulifika juu, na ulikuwa na kina cha nusu milimita au zaidi, basi mashine nzima, mikononi mwa mtu aliyefundishwa, yenye probu iliyochongwa kufuata mviringo wa kona ile, ingeuona, na grisi ndani ya ufa isingeizuia. Hiyo ndiyo faida yake ya kweli juu ya rangi ya kupenya. Kama ulianzia chini ya pete ya beringi ambayo haikuvuliwa, isingeuona, wala njia yoyote ya juu ya uso isingeuona.

Pamoja na hayo, kwa spindo na shafti za chuma cha pua, mimi nisingeanza na mashine hii. Ningeanza na unga wa sumaku. Yoku ya mkondo geu, yaani sumaku ya umeme ya mkononi yenye miguu miwili, yenye nguvu ya kuinua kipande cha chuma cha kilo 4.5, rangi nyeupe nyembamba ya mandharinyuma, na unga mweusi wa chuma ulio katika majimaji, vitakuonyesha ufa kama mstari mweusi juu ya eneo zima kwa mara moja, ilhali probu hukuonyesha milimita chache tu chini ya ncha yake. Unatakiwa kuondoa rangi nene, na kusumakisha mara mbili katika mielekeo inayokatana, kwa sababu ufa unaolala sambamba na uga haukusanyi unga. Chuma chenyewe nacho huisumbua mashine ya mikondo: sehemu iliyounguzwa na grinda, iliyokomazwa, au iliyobaki na sumaku, huhamisha nukta bila ufa wowote. Mahali palipochomelewa, probu za kawaida huirusharusha nukta ovyo bila ufa; zipo probu maalumu zenye koili mbili zilizokatana ambazo hutuliza hali hiyo, na kiwango cha kimataifa cha ISO 17643 kimeandikwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Sisemi kwamba chuma hakikaguliwi kwa njia hii. Ujerumani hukagua nyufa ndogo za juu ya kichwa cha reli kwa probu zinazobebwa na mashine juu ya reli, sambamba na mawimbi ya sauti yasiyosikika yanayotazama ndani. Lakini huko probu hushikiliwa na kifaa kinachodhibiti umbali wake kutoka kwenye chuma, na hukagua umbo lilelile kilomita baada ya kilomita. Karakana inayopokea spindo ya aina tofauti kila siku haina raha hiyo.

Mahali ambapo mashine itakufaa kweli ni kwenye silinda hedi. Alumini haishiki sumaku, kwa hiyo unga haufanyi kazi, na masizi ya chumba cha mwako huziba nyufa zisipokee rangi. Nyufa za hapo hupatikana zaidi kati ya viti vya valvu, kwenye kidaraja chembamba kinachopata joto kali na kupoa tena na tena. Tumia probu nyembamba ya umbo la kalamu, kilohezi 100 hadi 500. Kiti cha valvu ni cha metali nyingine, kwa hiyo kila utakapokikaribia nukta itahama. Tengeneza kielekezi cha plastiki kinachoishikilia probu umbali uleule kutoka kwenye kiti, sawazisha mashine katika umbali huo, kisha zunguka nacho. Dalili ya kiti itabaki imetulia, na ufa utaonekana kama mruko wa ghafla juu ya utulivu huo. Kwingineko, pitisha probu kwa mistari iliyokaribiana kuliko upana wa koili, kukatisha mwelekeo unaoutarajia wa ufa.

Kazi hii inachosha, na uchovu wa mkaguzi ni hatari sawa na uchovu wa metali. Tarehe 28 Aprili 1988 ndege ya Boeing 737 iliyokuwa imekwisha kuruka mara 89,680 ilifunuka paa la mbele angani karibu na Maui, Hawaii, na mhudumu mmoja akapotea. Nyufa ndogo ndogo za uchovu kwenye matundu ya ribiti zilikuwa zimeungana kuwa moja, na wachunguzi walisema wazi kwamba ukaguzi wa matengenezo ulishindwa kuzigundua. Mtu anayepitisha probu juu ya matundu mia tano mazima huanza kuamini kwamba la mia tano na moja ni zima pia. Mimi binafsi, katika miaka yangu ya mwanzo, nilisawazisha mashine juu ya sehemu ya shafti ambayo yenyewe ilikuwa na ufa mrefu, na kila nilipopita juu yake nukta ilikaa kimya. Aliyeniokoa ni mzee aliyenitaka nisawazishe tena mahali pengine kabla ya kusaini. Tangu hapo husawazisha mahali pawili, na hurudi kwenye kipande cha kulinganishia kila baada ya nusu saa, na pia mwisho wa kazi; dalili ikiwa imebadilika, yote niliyoyakagua tangu kipimo cha mwisho hukaguliwa upya.

Kwa hiyo, kununua. Usinunue kabla ya kujua nani ataiendesha. Anayesoma dalili na kusaini matokeo anapaswa kuwa na cheti cha ngazi ya pili kwa kiwango cha ISO 9712, katika njia hii mahsusi. Cheti cha rangi ya kupenya hakihesabiki hapa. Kama huna mtu huyo na huna mpango wa kumsomesha kijana wako mmoja, fedha hizo ziende kwenye yoku na unga, na mafunzo yake ni mafupi zaidi. Kama unaye, mwambie muuzaji alete probu angalau mbili, kebo zake, na kipande cha kulinganishia cha alumini. Soketi za probu hutofautiana kati ya watengenezaji, na mashine isiyo na probu zinazoingia ni sanduku tu. Kisha mjaribu pamoja: asawazishe juu ya alumini nzima, alaze mwendo wa kuinuka, apite juu ya mifereji mitatu, na mfereji wa milimita 0.5 uonekane waziwazi mara kumi kati ya kumi huku ukitikisa kebo kwa mkono. Baadaye mpe silinda hedi tatu, moja ikiwa na ufa unaoujua, bila kumwambia ni ipi. Akishindwa kuitambua, au nukta ikitangatanga yenyewe huku probu imetulia mezani, usitoe hata malipo ya awali.

Na vipande vya ile spindo, ukishavipiga picha, vipake mafuta mepesi visishike kutu mpya, uvifunge kwenye nailoni na kuandika tarehe, kilomita za tela, na jina la fundi aliyekagua. Ukinitumia picha ya uso uliokatika, iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni na rula ikiwa kando yake, nitakuambia ninavyousoma.